Riwaya ya Kitereza Isomwapo Mlingotini

Kitabu cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, kimetajwa mara nyingi kuliko kilivyosomwa. Hii ni ajali iwapatayo vitabu virefu. Wanafunzi hukariri jina lake kwa ajili ya mtihani, walimu hulitamka kwa heshima, na juzuu zake mbili hukaa rafuni zikingoja mtu mwenye nafasi. Mimi nami nilikuwa katika kundi la wenye kukariri kwa miaka mingi. Sasa nimekisoma, tangu ukurasa wa mwanzo hata wa mwisho, nikiwa nyumbani Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, katika majira ya kusi ambapo upepo humzuia mtu asiende mbali na pwani. Na kwa kuwa niliyoyaona humo yapingana kwa sehemu na yale niliyofundishwa juu yake, naomba ruhusa ya wasomaji wa jarida hili niyaeleze.

Yafaa kwanza kukumbusha jinsi kitabu hiki kilivyopata kuzaliwa, maana habari hiyo ina uzito katika hukumu yetu. Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, akasomeshwa na mapadre, na mwaka 1945 akamaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe. Mchapaji wa lugha yenye wasomaji wachache namna hiyo hakupatikana. Katika uzee wake mwandishi aliifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka 1981 alifariki, kabla hajakishika kitabu mkononi. Tangu kalamu iwekwe chini hata kupigwa chapa ilipita miaka 35. Mtoto aliyezaliwa siku muswada ulipokamilika angeweza kuwa mzazi siku kitabu kilipofika dukani.

Lawama isikiwayo zaidi juu ya kitabu hiki ni urefu wake. Husemwa ya kwamba kisa chenyewe ni kifupi: mume na mke hawana mtoto aliye hai; ndugu za mume wamsimanga mke; wazazi wa mke wamchukua binti yao; mume aenda kuomba radhi; wakwe wamtoza faini ya pombe ya ndizi; ailipa, arudishiwa mke wake; wote wawili watafuta dawa kwa mganga; wapata mwana, kisha binti; watoto wakua, wazazi wazeeka, wafa. Kisa hicho, wasema walalamikaji, kingetosha kurasa 100. Nyingine zote, nazo zapata 500, ni maelezo ya kulima, kupika, kuvua, kusalimiana, kuuguza na kuzika.

Nakiri kuwa nilianza kusoma nikiwa upande wa walalamikaji. Nilipofika mahali pa faini nilikuwa nimekwisha kuruka kurasa kadhaa, na dhamiri haikunisuta. Walakini hapo ndipo kitabu kiliponikamata. Myombekere hawezi kuitoa faini yake siku ile ile kama atoavyo mtu fedha mfukoni. Pombe ya ndizi ni kazi ya siku nyingi: ndizi zivunwe, ziivishwe, zikamuliwe, maji yake yachachuke kwa muda wake, na vyombo vipatikane, na watu wa kusaidia na kuchukua mzigo wapatikane pia. Muda huo wote nyumba yake haina mke. Mwandishi hatuambii kwa maneno makubwa kwamba mume yule ana majuto au upweke. Atuwekea kazi yenyewe mbele yetu, hatua baada ya hatua, mpaka sisi wenyewe twachoka kwa niaba yake. Mtu mwenye haraka angeandika kwa mstari mmoja kwamba faini ililipwa. Msomaji angeijua habari, asijue bei yake.

Nikarudi nyuma nikazisoma zile kurasa nilizoziruka.

Watu wa pwani hatuna haki ya kulistaajabia jambo hili. Mvuvi wa kwetu asukapo dema hakuna awezaye kumhimiza fito zikubali kukunjwa kabla ya wakati wake. Wanawake walimao mwani katika maji ya ndani hawaendi kwenye vigingi vyao wapendapo. Huenda bahari ipwapo, na bamvua ndiyo iwapangiayo siku zao. Maisha ya namna hiyo hayasimuliki kwa mkato bila kuharibika. Riwaya nyingi za Kiswahili tulizozizoea zimeandikwa kwa mwendo wa mji: mtu apokea barua, apanda basi, akutana na mwovu, mambo yavurugika kabla ya giza kuingia. Kitereza aliandika kwa mwendo wa shamba na maji, na urefu wake ni kipimo cha mwendo huo.

Sehemu kubwa ya kitabu nilimsomea jirani yangu mmoja, mzee aliyeacha kwenda baharini kwa sababu ya macho. Tulikaa barazani kwake kila baada ya sala ya alasiri. Mwanzoni aliona tabu na majina, akaniomba niyatamke mara mbili mbili. Habari ya pombe ilimchekesha sana. "Mwanangu," aliniambia, "kinywaji chao haramu, lakini hukumu yao ya haki. Aliyemwacha mkewe atukanwe na ndugu zake, na asumbuke." Tangu siku ile hakuniachia kuruka kitu. Nilipojaribu kufupisha maamkizi marefu ya wakwe na mkwe alinizuia, akataka kujua nani aliyetangulia kuamkia, na nani aliyeitikia, na kwa neno gani. Nilitambua ya kuwa yeye alikuwa msomaji bora kuliko mimi, ingawa kitabu kilikuwa mikononi mwangu. Kwake adabu ya maamkizi ilikuwa kisa chenyewe. Mkwe aliyeamkia vibaya amekwisha kushindwa kabla hajafungua kinywa kuomba mke.

Wako wasemao kwamba hii si riwaya, ni maelezo ya mila yaliyovikwa nguo ya hadithi. Neno hili lina chembe ya kweli. Kuna mahali ambapo Kitereza asahau watu wake, akageuka kuwa mwalimu atufundishaye jinsi jambo fulani lilivyotendwa zamani, na wahusika wasimama wakimngoja amalize. Mganga atoapo dawa, twaambiwa mengi juu ya masharti yake kuliko mgonjwa awezavyo kuyakumbuka. Lakini lawama hii yasahau majina. Kwa Kikerewe jina la mwana, Ntulanalwo, lahusu kuishi na kifo siku zote. Na jina la binti, Bulihwali, lauliza huzuni itakwisha lini. Hayo ndiyo majina waliyopewa watoto waliotafutwa kwa machozi, wakapatikana, tena wakakua. Wazazi wafurahi, na katika furaha yao wamwita mtoto kwa jina la hofu. Mwandishi wa mila tu angetupa tafsiri ya majina hayo katika orodha. Kitereza amefanya kitabu kizima kiishi chini ya majina hayo mawili, hata kila homa ya mtoto yamtia msomaji wasiwasi. Naye alijua alichokuwa akikiandika: aliwazika watoto wake mwenyewe, wala hakumwacha mkewe kwa sababu hiyo.

Juu ya lugha sina budi kusema, kwa kuwa sisi wa mrima tuna kiburi cha lugha na kiburi hicho kimetunyima mengi. Kiswahili cha kitabu hiki si cha Bagamoyo wala si cha Unguja. Ni Kiswahili cha mtu aliyekijifunza, tena cha mzee afasiriye maneno yake mwenyewe, huku Kikerewe kikimshika mkono kila sentensi. Nilikuwa na penseli, na katika kurasa za mwanzo niliweka alama penye kila neno ambalo kwetu lisingesemwa hivyo. Baada ya sura chache niliiweka penseli chini. Sababu yake si kwamba makosa yalikwisha. Nilianza kusikia kwamba sentensi zile ndefu, zenye kurudia jambo kwa sura mbili tatu, zilikuwa na mwendo wa mtu azungumzaye mbele ya wazee wenzake, asiyetaka kukatizwa wala kufahamika nusu. Mhariri hodari angeweza kuzinyoosha zote, na angetuachia kitabu kisicho cha mtu yeyote.

Sasa nafika penye ugomvi wangu wa kweli na Kitereza, nao haukuwa mdogo.

Mtu wa Bagamoyo asomapo hadithi ya bara ya zamani hujitafuta humo. Hilo ni jambo la maumbile. Njia ya misafara ilianzia miguuni petu. Nguo, shanga na bunduki zilipanda. Pembe za ndovu na watumwa walishuka. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba mwaka 1874 pamoja na wapagazi wake, na mwaka 1875 alikuwa Ukerewe kwa mtawala Lukonge, akipewa mitumbwi ya kuvukia ziwa. Kabla yake walikwisha kufika wafanya biashara wa pwani. Kwa hiyo nilisoma nikingoja. Nilitazamia kwamba siku moja, katika mojawapo ya zile safari za kwenda kwa wakwe, Myombekere angekutana na mtu mwenye kanzu. Au pangetajwa ugonjwa uliokuja na wageni. Au pangesikiwa habari ya kijana aliyepotea njiani. Nikangoja hata juzuu ya pili ikaisha. Watu wa pwani hawana sehemu katika hadithi ile, kwa heri wala kwa shari.

Niliudhika, na nilimwambia jirani yangu hivyo. Yeye alinijibu kwamba yawezekana walikuwa hawajatuhitaji. Jibu lile sikulipenda, lakini nililala nalo.

Haifai kusema kwamba Kitereza hakuyajua mambo hayo. Alikuwa wa nasaba ya watawala wa Ukerewe, na habari za nasaba hiyo na za karne iliyopita alizijua vema hata watafiti walimwendea kuzitafuta. Gerald Hartwig, aliyeandika juu ya Wakerewe na biashara ya mbali, alikuwa mmoja wao. Mtu mwenye elimu hiyo angeweza kutuandikia riwaya ya historia ya namna ile tuijuayo, yenye wafalme, vita, wageni na miaka. Aliziacha nasaba na vita, akamchukua mtu asiye na cheo, na mke wake, na kilio chao cha mtoto. Na wageni nao akawaacha nje ya mlango. Basi kimya chake ni uchaguzi, na uchaguzi huo wastahili kuamuliwa kama tuamuavyo sehemu nyingine za kazi yake.

Tutazame kwa kulinganisha. Katika Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi mwaka 2022, kijana Yusuf awekwa rehani kwa deni la baba yake, kisha apelekwa bara pamoja na msafara wa tajiri. Petina Gappah wa Zimbabwe, katika riwaya yake ya mwaka 2019, asimulia safari ya kinyume: watumishi wa Livingstone wauchukua mwili wake toka bara hata Bagamoyo, walikofika mwezi wa Februari mwaka 1874, na wenye kusimulia ni mpishi Halima na Jacob Wainwright. Vyote viwili ni vitabu vya kusifiwa, na cha pili kilinigusa kwa kuwa mwisho wa njia yake ni kwetu. Lakini katika vyote viwili bara ni mahali pa kupita. Vijiji vyatokea, vyatoza hongo au vyatoa chakula, kisha vyabaki nyuma. Msafara waenda, na jicho la msomaji laenda pamoja nao. Kitereza ni mwandishi aliyebaki kijijini wakati msafara ukipita, na kwa kuwa amebaki, ameona kwamba siku ile kulikuwa na mambo mengine yenye uzito zaidi: mtoto alikuwa mgonjwa, na ndizi zilikuwa hazijaiva. Nimekubali kwa shida kwamba haki iko upande wake. Kwetu sisi Ukerewe ilikuwa ncha ya njia. Kwao wao haikuwa ncha ya kitu chochote.

Hata hivyo si kila kimya chake nakisamehe. Hartwig ameonyesha kuwa utumishi wa utumwa ulikuwako miongoni mwa Wakerewe wenyewe, na kwamba ulibadilika kadiri biashara ilivyokua. Katika riwaya, kadiri nilivyosoma, jambo hilo halina uzito ulipasalo. Nyumba ya Myombekere ina huzuni nyingi, lakini huzuni hizo zote hutoka kwa maradhi, kwa ndimi za ndugu na kwa mauti. Chache mno hutoka kwa nguvu ya mtu mkubwa juu ya mdogo. Hapo mjukuu wa watawala amekuwa na haya. Mtu asomaye kitabu hiki peke yake aweza kudhani kwamba kabla ya wageni palikuwa na uungwana mtupu, na mwandishi, aliyekuwa na nia ya kuwaachia vijana sura njema ya wazee wao, hakufanya mengi kumzuia asidhani hivyo.

Liko jambo lingine ambalo lilinijia baada ya kufunga kitabu, nalo limenipoza ugomvi wangu kuliko jibu la jirani. Mapadre waliomfundisha Kitereza kusoma na kuandika walikuwa wa shirika la White Fathers, na msafara wa kwanza wa shirika hilo kuelekea maziwa makuu uliondoka Bagamoyo mwaka 1878, kwa njia ile ile na kwa mabega ya wapagazi wale wale. Na lugha ambayo kwayo riwaya hii hatimaye iliwafikia watu, baada ya Kikerewe kukosa mchapaji, ni lugha iliyopanda bara pamoja na misafara. Nilitafuta watu wa pwani katika hadithi, kumbe nilikuwa nikiitazama pwani katika kila neno lililokuwa mbele ya macho yangu. Kitereza hakututia katika kisa chake, ila alitumia tulichokuwa nacho. Na ikiwa alikitumia kwa namna isiyo yetu, alikuwa amekilipia.

Haya yanipa swali jingine, nami naliandika hapa kwa sababu siwezi kuliepuka nikaapo Mlingotini. Riwaya ndefu ya namna hii juu ya mrima iko wapi? Bagamoyo imeandikwa sana. Imeandikwa na wasafiri, na wamisionari waliojenga hapo mwaka 1868, na Wadachi walioifanya makao makuu ya utawala wao, na wanahistoria wa biashara ya watumwa, na sasa na waandishi wa riwaya kwa Kiingereza. Karibu wote waja kwetu kuanza safari au kuimaliza. Aliyeketi akaandika, kwa kurasa 600, jinsi mke wa mvuvi alivyorudishwa kwao na jinsi alivyokombolewa. Dawa gani ilitafutwa na nani aliyeitia chumvi. Jinsi watu wa Kaole, Mbegani na Mlingotini walivyozikana na kuozana. Jinsi dau lilivyochongwa na lilivyoshushwa majini, simjui.

Wala haraka ya jambo hili si ya wasomi peke yao. Tangu makubaliano ya bandari kubwa ya Bagamoyo yalipotiwa sahihi mwaka 2013, kijiji chetu kimekuwa kikitajwa pamoja na Pande katika eneo la mradi, na neno la kuhama limekuwa likipita midomoni mwa watu. Bandari hiyo imesemwa, ikasimama, ikasemwa tena. Mimi sina la kuamua juu ya bandari. Nchi ina haja zake. Lakini nimeona jinsi watu wanavyoanza kuhesabu mali zao kwa namna ya karatasi za fidia: minazi mingapi, vyumba vingapi, makaburi mangapi. Hesabu hiyo haina mahali pa kuandika saa ya kwenda kwenye mwani wala jina la mwamba ambako babu wa mtu alikuwa akitega madema yake. Kitereza naye aliandika mwaka 1945 mambo ambayo aliona yakimtoka mikononi, na hakungoja kuambiwa na mchapaji kwamba kuna wanunuzi.

Ruhumbika, naye Mkerewe na mwandishi wa riwaya, alikifasiri kitabu hiki kwa Kiingereza mwaka 2002, na kabla yake Wajerumani walikwisha kukipata kwa lugha yao. Nakala za Kiswahili, ambazo zingepasa kuwa nyingi kuliko zote, ni adimu. Hii niliyosomea niliazimwa, jalada lake limelegea na baadhi ya kurasa za juzuu ya pili zimeachana na uzi. Nilipotaka kuirudisha, jirani yangu aliniomba ikae kwake juma moja zaidi. Nilimkumbusha kwamba hawezi kuisoma. Alisema anajua, mjukuu wake wa darasa la sita amemwahidi kumsomea tena mahali pa faini, kwa sababu mimi, kwa maneno yake, nilikuwa nikisoma kama mtu anayekimbia mvua.